Leseni ya mchimba visima iambatane na dhamana: barua ya wazi kwa Wizara ya Maji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maji,
Kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Maji,
Kwa Wenyeviti wa Bodi za Maji za Mabonde yote tisa,
Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na Bodi ya Usajili wa Makandarasi

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi wa mashine ya kuchimba visima. Nimefanya kazi hiyo miaka 17, nikianza kama kijana wa kubeba rodi na kuosha mabomba, hadi nikakabidhiwa kuendesha mashine yenyewe. Nimechimba Dodoma, Manyara, Tabora, Shinyanga na kwingine ambako hata majina ya vijiji nimeyasahau. Mgongo ulipogoma nilirudi nyumbani Ikungi, mkoani Singida, na sasa nalima alizeti kama majirani zangu. Sina cheo chochote. Ninachokijua ni kisima: kinavyochimbwa vizuri, na kinavyochimbwa vibaya mteja akiwa amesimama pale pale na asijue kinachoendelea.

Ninawaandikia kwa sababu ya kisima kimoja cha kikundi cha akina mama 34, hatua kama mia nne kutoka kwangu. Walijiwekea fedha kwa misimu mitatu ya alizeti. Nilimwona mama mwenyekiti akihesabu noti za elfu mbili mbili na elfu tano tano juu ya mkeka, akizipanga mafungu, na mweka hazina akiandika kwenye daftari la shule. Wakapata mchimbaji aliyewaonyesha nakala ya leseni. Wakakubaliana mita 90, kila mita shilingi laki moja, ndani yake mabomba, usafishaji wa kisima na kupima wingi wa maji. Jumla milioni 9. Milioni 6 walizitoa kabla mashine haijafika, kwa sababu waliambiwa mafuta na lori havisubiri.

Siku mashine inaingia mimi nilikuwa Dodoma kwa matibabu ya mgongo. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kazi ilimalizika kwa siku mbili. Mchimbaji alipuliza kisima kwa kompresa, maji yakaruka juu, watoto wakacheza kwenye tope, akina mama wakapiga vigelegele. Akachukua ndoo ya lita 20 na simu yake, akahesabu: sekunde 10. Akawaandikia lita 7,000 kwa saa na kitu. Wakamlipa milioni 3 zilizobaki siku ile ile. Sasa mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo mteja anapopigwa na asijue. Maji yanayorushwa na kompresa mara tu baada ya kuchimba mengi ni yale yaliyojikusanya ndani ya shimo. Ukitaka kujua kisima kina uwezo gani, unashusha pampu na kuivuta kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi saa 24, huku ukipima kina cha maji kinashukaje. Ukizima, unapima tena yanavyorudi. Jaribio la dakika kumi la kompresa ni sherehe tu.

Wiki tatu baadaye, pampu ya sola ikiwa imeshafungwa, ndoo ile ile ilijaa kwa sekunde 90. Hizo ni lita 800 kwa saa. Baada ya hapo yakaja maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha mchanga, kisha pampu ikaungua.

Niliporudi waliniomba nitazame. Tulitoa pampu, nikachukua kamba, nikaipiga fundo kila mita, nikafunga nati nzito ya trekta mwishoni, nikashusha. Kamba ililegea kwenye fundo la 52. Kisima kilicholipiwa mita 90 kilikuwa na mita 52. Sijui kama shimo lilichimbwa lote likajifukia au halikuchimbwa kabisa. Kwa mama aliyelipa haina tofauti. Pembeni ya uwanja kulikuwa na bomba moja la kisima lililobaki, ambalo sisi mafundi tunaliita kesingi, na mama mmoja amelipasua analitumia kama hori la kuku. Nililigeuza nikaona mipasuko ya kupitishia maji imekatwa kwa msumeno wa mkono, mipana kiasi cha kupitisha punje ya mtama. Kesingi ya kiwandani mipasuko yake ni myembamba, milimita moja au pungufu, ili changarawe ibaki nje na mchanga usiingie. Halafu nikachimba kwa jembe kandokando ya mdomo wa kisima kufika kina cha mkono wangu mzima. Nilitafuta saruji inayotakiwa kuziba nafasi kati ya bomba na ardhi, ili maji machafu ya juu yasiteremke kisimani. Nilikuta udongo mtupu, na mbuzi hunywa hapo hapo.

Tukamtafuta mchimbaji. Simu haipatikani. Tukamtafuta mwenye jina lililoandikwa kwenye leseni, naye yupo mkoa mwingine. Alitusikiliza kwa heshima, kisha akasema mashine haikuwa yake na kazi hakuifanya yeye. Kuna kijana alimwazima karatasi. Tulikwenda ofisi moja ya serikali na daftari letu la michango. Mtumishi aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitupa viti, akasoma mkataba, akasema: huu ni mkataba wa watu binafsi, nendeni mahakamani. Mahakama ni haki yetu, naikubali. Lakini kumshtaki nani? Aliyechimba hajulikani alipo. Mwenye karatasi hana mali inayoonekana. Hata tukipata hukumu, tutakazia hukumu kwenye nini?

Waheshimiwa, sikuandika barua hii ili mumkamate mtu mmoja. Nimeandika kwa sababu nimefanya kazi upande wa pili, na najua kitu ambacho akina mama wale hawakijui.

Tulipokuwa tunachimba visima vya serikali, kabla mashine haijawashwa bosi wetu alikuwa anahangaika benki na kwenye kampuni za bima siku nyingi. Serikali haimpi mtu kazi hivi hivi. Inadai dhamana ya utekelezaji wa mkataba. Ukitaka malipo ya awali, unaleta dhamana ya malipo ya awali. Sehemu ya fedha yako inazuiwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, na kisima kikileta mchanga ndani ya kipindi hicho unarudi kukirekebisha, utake usitake. Ukikimbia, mdhamini wako analipa.

Na niwaambie nilichokiona kwa macho yangu. Bosi yule yule, mashine ile ile, sisi vijana wale wale: kwenye kisima cha serikali alikuwa anasimama mwenyewe anahesabu mabomba yakishuka, moja baada ya jingine, akiandika. Udongo uliotoka kila mita tuliupanga kwa mafungu kwenye mstari mmoja ili mtaalamu auone. Changarawe ilichekechwa na kuoshwa. Saruji ilikorogwa mbele ya msimamizi. Kwenye kisima cha mtu binafsi, wiki iliyofuata, bosi aliondoka saa sita mchana na kutuachia maagizo kwamba tumalize kabla ya giza. Kuna kisima kimoja tulichokiziba juu kwa mifuko miwili ya saruji na ndoo za udongo, kwa sababu mifuko mingine ilikuwa imebaki yadi. Mimi ndiye niliyeushika mwiko. Mwenye kisima alitupikia wali na kuku siku ile. Sijawahi kurudi kijijini kwake.

Ufundi tulikuwa nao siku zote mbili, na roho zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba siku moja kulikuwa na fedha ya mtu imewekwa rehani kwa ajili ya kazi yetu, na siku nyingine haikuwepo.

Hilo ndilo ombi langu, na ni moja tu. Ulinzi ambao serikali inajiwekea yenyewe inapomwajiri mchimbaji, iufunge kwenye leseni yenyewe, ili uwafikie wote wanaomwajiri mchimbaji huyo huyo kwa fedha zao: kikundi, msikiti, parokia, shule, mkulima wa vitunguu, mjane anayejenga. Asiyekuwa na dhamana asipewe leseni, na dhamana ikifa, leseni ife siku hiyo hiyo.

Kwa watu wetu neno hili si geni. Kwenye VICOBA huchukui mkopo bila wadhamini. Wanakaa pale, wanasaini, na ukishindwa kulipa wanalipa wao kisha wanakufuata nyumbani. Dhamana ya leseni ni hivyo hivyo, ila mdhamini ni benki au kampuni ya bima. Mchimbaji anamlipa mdhamini ada ya mwaka. Mchimbaji akiharibu na akakataa kurekebisha, mdhamini anamlipa aliyeumizwa, kisha anamgeukia mchimbaji amrudishie hadi senti ya mwisho. Kwa hiyo haifanani na bima ya gari, ambapo ukigonga kampuni inalipa na wewe unaendelea na safari. Na kwa sababu mdhamini hataki kupoteza chake, naye anamchunguza mchimbaji kabla ya kumsainia: mashine ni ya nani, kazi zake zilizopita zikoje, deni lake liko wapi. Serikali inapata jicho la pili bila kuajiri mtu.

Wenzetu wanafanya hivi. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwenye leseni ya kuchimba visima vya maji anatakiwa aweke dhamana ya dola 25,000, na inalipa pale kazi isipofuata sheria ya visima. Leseni hiyo inatolewa na Idara ya Afya ya jimbo, jambo ambalo mimi naliona lina busara kubwa, maana kisima kibovu ni mlango wa kuhara. California nako wachimba visima wana daraja lao maalumu la leseni chini ya bodi ya makandarasi, na kila mmoja lazima awe na dhamana. Ilikuwa dola 15,000, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ikapandishwa hadi dola 25,000. Sisemi tunakili viwango vyao. Kwa fundi wa Singida hayo ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Ninachosema ni kwamba leseni na dhamana vinaweza kukaa pamoja, na wachimbaji wa huko hawajafa njaa.

Sheria yetu tayari imeshika upande mmoja wa kamba. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 iliweka utaratibu wa vibali chini ya bodi za maji za mabonde, na kanuni za mwaka 2013 zikaweka leseni za utafutaji na uchimbaji wa maji chini ya ardhi. Kanuni hutungwa na Waziri. Kwa hiyo ninavyoelewa mimi, Mheshimiwa, hili halihitaji kusubiri sheria mpya ipite bungeni. Linahitaji kanuni irekebishwe.

Naomba nieleze dhamana hii isilipe nini, kwa sababu hapa ndipo ugomvi utakapoanzia. Isilipe kisima kikavu. Mchimbaji si mwenye mwamba. Huku kwetu chini ni jiwe gumu, maji yanakaa kwenye nyufa, na unaweza kukosa ufa kwa hatua mbili tu. Mtaalamu akipima kwa uaminifu, fundi akachimba kwa uaminifu, na vumbi likatoka hadi mita 120, hilo ni la Mungu, na fundi anastahili kulipwa mita zake. Wapo wachimbaji wanaojitangaza kwamba usipopata maji hulipi. Mimi siwaamini, kwa sababu wengi wao hufidia hasara ya shimo kavu kwa kubana kwenye shimo lenye maji. Isilipe pia chumvi wala floridi iliyomo kwenye mwamba wenyewe, tatizo ambalo Singida, Manyara na Arusha tunalijua kwenye meno yetu, ili mradi mchimbaji alipeleka sampuli maabara na kumwambia mteja ukweli kabla hajamuuzia pampu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Mteja aambiwe namba yake, aamue.

Ilipe kwa yale yaliyo mikononi mwa mchimbaji. Amechukua malipo ya awali akatokomea. Ameandika mita 90 na kamba inagota 52. Ameweka bomba bovu, au la kuchanja kwa msumeno. Hakuweka changarawe, hakuweka saruji. Amedanganya wingi wa maji. Ameacha shimo wazi baada ya kukosa maji na kuhamia pengine. Hili la mwisho lilipwe hata kama hakuna mteja anayelalamika. Nimeona mashimo yaliyofunikwa kwa jiwe na tawi la mwiba, mapana ya kumezea mguu wa ndama, na kila mvua inateremsha kinyesi moja kwa moja hadi kwenye maji ambayo kijiji cha pili wanayanywa. Maji ya chini hayana mpaka wa shamba. Gharama ya kufukia na kuziba shimo kama hilo itoke kwenye dhamana ya aliyelichimba, na ofisi ya bonde ndiyo idai.

Utaratibu wa kudai uwe mwepesi, la sivyo dhamana itabaki pambo la kabati. Mama mwenyekiti wetu alimaliza darasa la saba. Awe na uwezo wa kuandika barua ya ukurasa mmoja, aambatanishe mkataba na risiti, aipeleke ofisi ya bonde au kwa meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wataalamu waje na kamba, na kamera ya kisima ikiwezekana, wapime. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Mchimbaji apewe muda wa kurekebisha mwenyewe, maana wengi wataona afadhali warudi na mashine kuliko kuitiwa mdhamini. Akikaidi, mhandisi aandike hati, mdhamini alipe ndani ya siku 60. Madai yapokelewe hadi miaka miwili baada ya kisima kukabidhiwa, kwa sababu kesingi mbovu haionekani msimu wa kwanza, inasubiri kiangazi.

Hapa nawaomba ndugu zangu wa TIRA wasome kwa makini. Dhamana ikiandikwa kwa masharti mengi, kampuni itamzungusha mama yule miezi kumi na minane hadi achoke. Iandikwe kwamba hati ya mhandisi ikifika, mdhamini analipa kwanza, ubishi wake na mchimbaji unafuata baadaye. Kampuni itakayokataa, dhamana zake zisikubaliwe tena kwenye leseni hizi.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau. Dhamana moja ni mfuko mmoja. Mchimbaji akiharibu vijiji vitano kwa mwaka mmoja, wa kwanza kufika anaweza kulipwa, wa tano akakuta mfuko mtupu. Ndiyo maana nasema malipo yoyote yakitoka, leseni isimame hadi dhamana ijazwe upya, na idadi ya visima ambavyo mchimbaji anaruhusiwa kuwa navyo mkononi kwa wakati mmoja ilingane na ukubwa wa dhamana yake. Mwenye mashine nne na miradi ya mikoa sita asiweke sawa na kijana mwenye mashine moja ya kuvutwa na trekta.

Najua wachimbaji wadogo watalalamika, na nawaheshimu, nimekula nao ugali kando ya mashine miaka mingi. Watasema: mnatufunga mikono, wakubwa watabaki peke yao. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini anayehitaji dhamana ya milioni 20 hatoi milioni 20 mfukoni. Analipa ada, ambayo ni sehemu ndogo ya kiasi hicho kila mwaka, na mwenye rekodi safi anastahili kulipa kidogo zaidi. Asiyependa kampuni za bima aruhusiwe kuweka amana ya muda maalumu benki kwa jina la bonde, ibaki inazaa riba yake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi ina mfuko wake wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni na za malipo ya awali. Njia imeshafyekwa, wachimba visima wadogo waongezwe humo. Na dhamana iwe kwa madaraja, ya chini kabisa ikiwa nyepesi kwa wanaochimba visima vifupi kwa mkono.

Hoja nzito zaidi ni ya vishoka. Wataniambia leseni ikiwa ghali, watu watachimba bila leseni. Nimeifikiria hoja hii usiku mwingi, na naiona kinyume chake. Kwa nini leo mwanakijiji haulizi leseni? Kwa sababu haimpi kitu. Kishoka anachimba kwa bei ya chini, mwenye leseni anachimba kwa bei ya juu, na kazi ikiharibika wote wawili simu zao hazipatikani. Mwenye akili atamchukua wa bei ya chini. Siku leseni itakapokuwa na dhamana nyuma yake, mama mwenyekiti atakuwa na sababu ya kuuliza, na hiyo laki moja kwa mita itakuwa inamnunulia kitu ambacho kishoka hana. Kila mwenye kikundi atakuwa mkaguzi wenu.

Na ile biashara ya kuazimana leseni itakufa bila msako. Leo karatasi unaweza kumwazima mtu kwa laki tano ukalala usingizi. Hakuna atakayemwazima kijana asiyemjua karatasi ambayo ikiharibiwa inamla milioni 20 na kumtia kwenye orodha. Yule bwana tuliyemfuata mkoa mwingine angetuuliza sisi kwanza, kabla mashine haijaondoka: huyo kijana mnamfahamu?

Orodha ya leseni na madai nayo iwekwe wazi. Ubaoni kwenye ofisi za vijiji na kata, na kwenye simu, ili mtu akituma namba ya leseni ajibiwe: leseni hai au mfu, dhamana kiasi gani, mdhamini nani, madai mangapi yamelipwa. Mkataba wa kisima uwe na fomu moja ya Kiswahili inayotolewa na mabonde, yenye nafasi ya namba hiyo ya dhamana juu kabisa, kabla ya bei. Nimesoma mikataba mingi ya visima. Mingi ni ukurasa mmoja wenye bei kwa mita na sahihi, basi. Haisemi bomba ni la aina gani, haisemi saruji, haisemi kupima saa ngapi. Mhandisi atakayekuja kuamua madai lazima awe na kitu cha kulinganisha na anachokikuta ardhini.

Waheshimiwa, mnazo takwimu za miradi na asilimia za upatikanaji wa maji vijijini, na najua kazi kubwa imefanyika tangu RUWASA ianze mwaka 2019. Lakini visima vingi sana nchi hii vinachimbwa na wananchi kwa fedha zao, bila mradi, bila zabuni, bila kukata utepe. Watu hawa hawakuwasubiri. Walijichanga. Wanapopoteza milioni 9, hakuna anayewarudishia, na kisima kile hakihesabiwi popote kama kimekufa.

Akina mama wa kikundi kile sasa wanachota kwenye lambo, kilomita tatu kwenda, kilomita tatu kurudi. Tangi la lita 5,000 limesimama juu ya mnara wake, jipya, tupu; upepo ukipita unalisikia linavyolia. Wameanza tena kuweka elfu mbili kila Jumamosi. Alizeti ikishavunwa mwezi wa sita, wataniita chini ya mwembe waniulize kama watafute mchimbaji mwingine, na wakimpata, nini kitamzuia asifanye kama yule wa kwanza. Nitaweza kuwasimamia mimi mwenyewe, nihesabu mabomba, nionje saruji kwa vidole. Lakini kijiji cha jirani hawana fundi aliyeumia mgongo akarudi nyumbani.

Kanuni hiyo ikiwa tayari kabla ya mwezi wa sita, nitawasomea kipengele kwa kipengele. Na mtaalamu wenu yeyote akitaka kuja kupima kisima chetu, kamba ile yenye mafundo ninayo, na fundo la 52 nimelifunga kitambaa chekundu.

Wenu katika kazi,
Fundi wa zamani wa mashine ya kuchimba visima,
Ikungi, Singida